Buibui wa Longino

Mume wangu Longino alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki hapa Bombambili, enzi zile za ruksa, maduka yalipojaa kila kitu isipokuwa alichokitaka yeye: kile kidude cha kulifanya gitaa likorome kama lori linalopanda mlima. Akakumbuka lipenga la babu yake, kibuyu ambacho Wanyasa hukipuliza kwenye ngoma ya mganda. Kibuyu hicho kina tundu, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ikorome.

Basi, nikakatazwa kufagia kuta. Utando wa jikoni wake, wa chumbani wake! Wanajumuiya walipokuja kusali, buibui akamshukia Mama Bernadina kichwani katikati ya Salamu Maria. Longino akaruka: "Mama, tafadhali usimuue, huyo ni mwanabendi mwenzetu."

Siku ya onyesho alijifunga kibuyu mdomoni kwa waya, akapuliza wimbo wa mganda huku analicharaza gitaa. Ukumbi ukalipuka. Mzee Urban, mcheza mganda wa siku nyingi, alicheza mpaka kofia ikamdondoka. Baadaye Longino akamfuata, kifua mbele, akisubiri sifa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lipenga umelipuliza vizuri sana. Sasa lile gitaa ulikuwa unatupigia kelele za nini?"

Tangu siku hiyo gitaa limetundikwa ukutani. Buibui wamelipenda, wamejenga humo humo, na mimi mpaka leo sina ruhusa ya kufagia.