Sauti ya Mkubwa

Shangazi yangu wa Koboko, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kongo, ni mjane wa askari, na uaskari haujamtoka hata yeye. Mpaka leo akisikia Kiswahili chenye ukali wa kambini, anakaa wima. Kwake Kikakwa ni cha nyumbani, Kiingereza ni cha shule, lakini Kiswahili ni cha amri. Sasa nani aliwaambia watu wa mbali siri hii? Walaaniwe!

Mimi niko Arua, kazi yangu ni kufuatilia uongo wa mitandaoni na kuukanusha redioni. Wa safari hii ulikuja WhatsApp kwa sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili kikali cha kambini: Wakongo wanaokaa Koboko ni wapelelezi, waondolewe majumbani. Mimi na wenzangu tukauchimba. Ukurasa uliousambaza uliendeshwa kutoka nchi za mbali, picha zake ni za vita vya kwingine, na sauti yenyewe ilitengenezwa na kompyuta. Mwanamume hayupo! Tukakanusha kwa Kilugbara na Kiingereza. Kiswahili, jamani, hakuna aliyekikumbuka.

Nilipofika Koboko, chumba cha uani kilikuwa kitupu. Humo alikaa mama mmoja wa Kongo, muuza samaki wa chumvi sokoni. Shangazi haoni vizuri, na kwa miaka mingi mama huyo ndiye aliyekuwa macho yake: alimpa dawa, alimshika mkono hadi mlangoni pa msikiti, ingawa yeye ni Mkristo. Shangazi alikuwa amemfukuza.

"Mkubwa alisema," akaniambia. "Mimi nafanya nini? Amri iko amri."

"Shangazi, hakuna mkubwa! Ni mashine!"

Akalia. Hasira yangu yote ikaisha, nikabaki kumhurumia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alitaka kujaribu.

"Shika simu. Mimi nasema."

Akarekodi kwa Kiswahili chake: dada, rudi, mimi nilidanganywa, chumba iko yako, nisamehe.

Jibu lilikuja jioni kutoka upande wa pili wa mpaka. Hakusema yuko kijiji gani. Tulilisikiliza pamoja, shangazi ameinamisha sikio kwenye simu.

"Sauti iko ya dada kabisa," alisema yule mama, taratibu. "Lakini hata ile ya mkubwa ilikuwa ya mutu kabisa. Mimi nitajua namna gani?"

Shangazi alinishika mkono. "Mwambie iko mimi," akasema. "Wewe ulisoma. Mwambie iko mimi."