Kadi Haijui Kuruka Nne

Kabla hajakusalimu, Yu Hsiu-luan hugusa mguu wa chuma wa meza yake. Mgeni hudhani ni mambo ya imani, kumbe anautoa mwilini umeme mdogo unaoweza kuua kadi ya kompyuta bila kuacha alama. Ana miaka hamsini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia katika kibanda hiki cha soko la vifaa vya umeme, Taipei, akiuza na kutengeneza kadi zinazounganisha kompyuta na diski zake.

Alhamisi asubuhi Chiu Wan-fu, mwenye kikundi cha vikaragosi vya mkononi, aliingia amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa. Ilipowashwa tu, kadi iliyokuwa ndani ikaanza kupiga kelele.

"Sauti ya baba imo humu, dada," alisema. "Michezo arobaini, na nakala nyingine sina. Jumamosi ni sikukuu ya mungu wa hekalu letu. Vikaragosi vitacheza kwa sauti ya marehemu."

Diski zilikuwa tano, na kadi ilikuwa imezifunga undugu: ikifa moja, nne zilizobaki hukumbuka yote iliyokuwa nayo na kuyaandika kwenye diski mpya. Zikitoka mbili, hakuna wa kukumbuka. Jana yake kadi ilitangaza kwamba diski ya tano imekufa. Wan-fu akaichomoa, akatia mpya, na kila kitu kikapotea.

"Ulichomoa ipi?"

"Ya tano. Hii hapa, imeandikwa tano. Mimi si kipofu."

Hsiu-luan aliinama akasoma vibandiko vyekundu: moja, mbili, tatu, kisha ile mpya isiyo na kibandiko, kisha sita.

"Nne iko wapi?"

"Mke wangu ndiye aliyebandika. Nne ni mkosi, unajua mwenyewe. Hata jengo letu halina ghorofa ya nne."

"Shemeji anaogopa mkosi, kaka. Kadi haina habari hiyo, yenyewe inahesabu tu; tano yake ndiyo hii iliyoandikwa sita. Umemtoa mzima ukamwacha maiti."

"Basi nimemzika baba mara ya pili."

"Nyamaza kwanza. Na usiguse kitu, una mikono ya haraka."

Aliirudisha ile ya tano ya uongo mahali pake, akawasha. Kadi ikauliza: diski hii ngeni ipokewe, au ifutwe? Majibu mawili, yamekaribiana kama meno. Aliyasoma mara tatu, akabonyeza. Orodha ya michezo arobaini ikajaa kwenye kioo.

Wan-fu alinyoosha kidole afungue mmoja. Hsiu-luan akampiga kofi la mkononi.

"Bado. Hizi nne zimechoka. Ikianguka moja kabla hazijamaliza kumwandikia mwenzao, tumekwisha."

Akaichomoa ile yenye namba sita, akaweka mpya. Hesabu ikaanza kupanda. Adhuhuri, asilimia arobaini. Saa tisa, themanini na mbili. Muuza nyaya wa kibanda cha pili alileta tambi, akasahau kurudi kwake.

"Tutaanza na upi?" aliuliza yule muuza nyaya.

"Wa jenerali mlevi," alisema Wan-fu. "Katikati baba anashindwa kujizuia, anacheka mwenyewe. Hakutaka kuufuta."

Asilimia tisini na saba. Hsiu-luan akachomeka spika.