Dawa ya Uvivu wa Paka

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo pale Bombambili, mama mmoja alileta paka ndani ya kikapu.

"Daktari, naomba dawa ya uvivu. Hakamati panya, anashinda uvunguni. Nimemnyima chakula siku mbili ili awinde, wapi."

Wateja tukacheka. Daktari hakucheka.

"Mama, akila huwa anadondosha chakula?"

"Anadondosha sana."

Daktari akamfunua paka mdomo taratibu. Jino lilikuwa limeoza na ufizi umevimba.

Mama akamfunika paka kwa ncha ya khanga.

"Kumbe ulikuwa unaumwa, mwanangu. Nisamehe."

Jino likang'olewa palepale. Mimi niliyecheka kuliko wote nilijifanya nasoma maandishi kwenye mfuko wa chakula cha kuku.