Nani Alikuwa Anakata Terere Zangu?

Terere zangu, yaani mchicha, zilikuwa zinakatwa vichwa.

Si kung'olewa, zii. Kila Jumatatu nikitoka nje napata vichipukizi vya juu vimekatwa safi kwa kisu.

Nina magunia kumi na mawili ya udongo niliyopandia mboga nyuma ya nyumba, Kisumu Ndogo, Kibera. Mimi nilikuwa naacha terere zirefuke kwanza, ndio fungu lionekane kubwa.

Nikamshuku Jawahir, Mama Lukman, jirani yangu Mnubi. Nilikuwa nimesikia harufu ya terere kwake.

"Mama Lukman, unaniibia," nikamwambia mbele ya wapangaji wote wa ploti.

Akajibu: "Ngina, sina la kukuambia."

Si basi nikaona amekubali. Nikamwita mwizi hadi akachoka, akahamia Kawangware.

Kukatwa kukaisha. Nikajipongeza.

Lakini terere zikarefuka, zikatoa maua. Majani yakawa madogo, magumu, machungu. Wateja wakaanza kunipita.

Nikamuuliza Wambua, jamaa wa kuuza mbegu mtaa wa Satellite. Akacheka.

"Terere huchumwa changa, kabla ya maua. Ukikata kichwa inatoa matawi, unavuna tena na tena. Na hayo majani machanga ndiyo yanajenga mwili. Huyo mwizi wako alikuwa anakufanyia kazi."

Jumamosi nikamtafuta Jawahir, nikampata Kawangware, stegi ya 56.

"Nisamehe. Hata kama uliiba, ulinisaidia."

"Sikuiba," akasema polepole. "Alikuwa Ciru."

Ciru ni mdogo wangu. Naishi naye.

"Ana mimba. Kliniki walimwambia damu imepungua, ale mboga. Kwako mboga ni za kuuza. Alikuogopa, akawa ananiletea nimpikie. Aliniapisha nisiseme."

Wiki hizo zote Ciru anashinda na jaketi kubwa, mimi nasema ni baridi ya Julai.

"Sasa tangu uhame, anakula wapi?"

"Hilo si unafaa kujua wewe? Mnalala nyumba moja."

Ciru alijifungua Novemba. Mtoto alitoka mzima, lakini damu ya mama yake ilikuwa bado haijatosha, akaongezwa painti mbili. Mimi nilikaa nje ya wadi, siwezi hata kuomba.

Jawahir alikuja na uji. Akamnywesha Ciru kijiko kwa kijiko. Mimi alinisalimia vizuri, kama unavyosalimia mtu usiyemjua.

Siku hizi nachuma mapema, na fungu la kwanza linaingia sufuria yetu.

Msomaji, kabla hujauliza nani anakuibia, uliza nani ana njaa nyumbani kwako.