Namba Kwenye Kona ya Kioo

Leo nimeogopa sana, na nilikuwa nimeenda tu kununua kioo.

Mnajua mimi huchomelea mageti hapa mtaani Munyaka. Kioo cheusi cha helmeti yangu kilipasuka wiki jana, nikaendelea na miwani ya jua. Ndiyo, ile niliyovaa kwa harusi ya brathe yangu. Kwa zile sehemu ndogo za kushikisha vyuma tu kabla ya kuchomelea, nilikuwa nafunga macho.

Msianze kunigombeza.

Leo nikaingia kwa Mama Halima wa hardware.

"Nipe kile cheusi kabisa."

"Fundi, hatuchagui kwa weusi. Unachomelea kwa gesi ama stima?"

"Stima."

Akaweka vioo viwili kwa kaunta. "Namba tano ni ya gesi. Wewe chukua kumi na moja. Imeandikwa hapo kwa kona."

Nikashika kimoja. Nikakigeuza. Nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Mama, hiki hakina namba."

Akakisoma kikiwa bado mkononi mwangu: "Kumi na moja."

Huyo mama husoma na miwani, jamani. Na miwani yake ilikuwa inaning'inia shingoni!

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fundi, usiwashe mashine leo. Enda hospitali ya macho."

Niko kwa foleni saa hii. Ile herufi kubwa ya juu ukutani naiona. Zingine zote ni ukungu tu, kama wa asubuhi kule Kaptagat.

Niambieni hii kitu huisha. Lakini tumeni voice note, kwa sababu hata hii post ananiandikia dada tuliyeketi naye.