Damu ya Matemwe Kabla ya Chai

Mwaka ule wa foleni za mchele, asubuhi moja nilitoka Jang'ombe bila ya kujua nnakwenda wapi. Nilichoka kuulizwa kazi yangu nini. Shule niliiacha darasa la nne. Kuuliza maswali sikuacha.

Bububu nilikuta gari dogo limezimika, nikalisukuma mpaka likawaka. Mwenyewe alikuwa Bi Salma, mwanamke wa mjini aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari Ulaya.

"Si udaktari wa kutibu," alinambia. "Natafuta alama za chakula katika damu. Mtu anakula nini, mwili unakitumia vipi, unakosa nini."

"Na damu inasema?"

"Inasema, tena haimwogopi mtu."

Alitaka wa kubeba sanduku la barafu la kuwekea damu. Nikapanda.

Kijijini Matemwe tuliwakuta watu wamekaa barazani kwa Bi Mwanakhamis, hawajanywa chai, kama walivyoagizwa, maana damu hiyo hutolewa kabla mtu hajala. Mwenye nyumba akamwekea Bi Salma sahani ya muhogo na samaki. Bi Salma akaisogeza kando. "Ahsante, nshakula." Alikuwa hajala, aliona haya kuwapunguzia.

Mikono yote ikarudi ndani ya kanga.

"Chakula chetu hukitaki, damu yetu waitaka?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Mumiani huyo, mnyonya damu!" sauti ikatoka nyuma. Watu wakaanza kuinuka. Bila ya damu ya Matemwe, Bi Salma hakuwa na cha kupeleka chuoni.

Hapo akatokea katibu wa tawi la chama. "Nani kasema hapa pana njaa? Fungasheni, mwende zenu!"

Bi Salma alikaa mkekani, akaivuta sahani, akala mpaka akafyonza miba. "Nisamehe, Bi. Nilidhani nitakupunguzia."

"Anipunguziaye ni anayenikatalia," alisema Bi Mwanakhamis, akanyoosha mkono. "Haya, choma."

"Bi Mwanakhamis! Sijatoa ruhusa!" katibu alifoka.

"Kwani mkono wako?"

Baraza zima likacheka. Wakaja mmoja mmoja.

Jioni katibu alirudi kutangaza kwamba hatulali Matemwe. Bi Mwanakhamis akaniita.

"Naam."

"Bi Salma atalala ndani na mimi. Wewe kitanda chako hicho hapo barazani."

Katibu bado amesimama, macho kwenye sanduku. Nikalisukuma sanduku la damu chini ya kitanda, nikavua viatu, nikajinyoosha juu yake. Anayelitaka, aanze na mimi.