Hafsa na Mshairi wa Paragwai

Hafsa Abdulatifu alifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja katika shule za msingi za wilaya ya Kilwa, na alipofika hamsini na mitano akaomba kustaafu kwa hiari. Hakuwa amechoka kufundisha. Mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kulia umelala, na kati ya watoto wake Hafsa ndiye pekee ambaye hakuwa na mume wala watoto wa kumzuia. Basi akarudi Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, akaanza kazi nyingine isiyokuwa na likizo.

Ilikuwa kazi ya kugeuza. Kila baada ya saa mbili mama ageuzwe, asije akapata vidonda vya mgongo. Halafu uji, kijiko kimoja kimoja, na katikati ya vijiko kungoja mama ameze. Halafu kuogesha, kufua mashuka, kuanika, kukunja, na kabla hayajakaa kabatini yanahitajika tena. Mwaka wa kwanza Hafsa alisema atazoea. Mwaka wa nne alikuwa haongelei tena kuzoea. Alikuwa akisimama jikoni ameshika sufuria, amesahau alikuwa anataka kupika nini.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake mwenyewe: dakika ishirini za Alhamisi, saa kumi alasiri, katika redio ndogo ya jamii pale mjini. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogongelewa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Kipindi kiliitwa Washairi wa Mbali. Jirani yake Batuli alikaa na mgonjwa, na Hafsa alikwenda kwa miguu, amejitanda ushungi wake wa kahawia, kusimulia maisha ya washairi mashuhuri wa nchi mbalimbali.

Aliyatoa kwenye kitabu kikubwa cha Kiingereza alichoachiwa zamani na mwalimu mmoja wa kujitolea. Alikisoma na kamusi pembeni, mshairi mmoja kwa juma. Kulikuwa na Mrusi aliyetunga gerezani bila karatasi, Mwajemi aliyemuudhi mfalme akahama mji, Mchina aliyefiwa na mume akabaki na mabuku yake. Mashairi yenyewe aliyagusia kidogo. Alichokipenda ni maisha: walikula nini, nani aliwapikia, walilala wapi walipofukuzwa. Alisimulia kana kwamba watu hao wanakaa mtaa wa pili. Mafundi cherehani walimsikiliza, wauza samaki walimsikiliza, na askari mmoja wa magereza alimpigia simu mara tatu kuuliza habari za yule Mrusi.

Masika ya mwaka jana mchwa walipanda ukutani, wakaingia kabatini. Hafsa alipokifungua kitabu, theluthi ya mwisho ilikuwa imegeuka udongo. Tangu hapo akawa anatafuta washairi kwenye simu, pale anapokuwa na bando na mama amelala. Mara nyingi kimoja kilikuwepo na kingine hakipo.

Kisha mama akapata homa. Siku tatu Hafsa alikaa wodini kwenye kiti cha plastiki. Aliruhusiwa kurudi naye nyumbani Alhamisi adhuhuri. Akamlaza, akamgeuza, na Batuli akaja kumkumbusha kipindi.

"Nenda, shoga yangu," Batuli alisema. "Hata kama utakaa kimya huko, nenda ukapate hewa."

Alifika studio bila karatasi hata moja. Twalib, fundi mitambo, alimtazama usoni.

"Mwalimu, tuweke taarabu leo?"

"Hapana. Niwashie tu."

Taa nyekundu ikawaka. Hafsa alifungua mdomo bila kujua atasema nini, na ulimi wake ukamtangulia. Leo, alisema, tunakwenda Paragwai, nchi isiyo na bahari. Huko aliishi mwanamke aitwaye Dolorinda Veiga, katika mji mdogo ukingoni mwa mto. Dolorinda alimuuguza mama yake kwa miaka ishirini. Hakuolewa, hakusafiri. Alitunga mashairi nyuma ya pakiti za dawa, akayaficha chini ya godoro la mgonjwa kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Hafsa alieleza jinsi Dolorinda alivyojua kwa mlio wa kitanda kama mama ameamka. Jinsi alivyomwonea wivu mwanamke aliyepita barabarani na kikapu kitupu. Jinsi siku moja alivyokasirika, akakiweka kijiko mezani kwa kishindo, mama akaanza kulia, na Dolorinda akalia naye.

Mwisho akaghani ubeti. Alikuwa ameutunga mwenyewe wodini, usiku wa pili, bila kuuandika:

*Nakuinua mamangu, mgongo unanilia,*
*Nakulaza roho yangu, usingizi wakimbia,*
*Kumepambazuka kwangu, wala sijajilalia,*
*Ikija na zamu yangu, nani ataniinua?*

Alipovua vipokea sauti, Twalib alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Simu ya studio ililia mpaka saa kumi na mbili. Mwanamke mmoja wa Kivinje alisema tu ahsante na kukata.

Hafsa alirudi nyumbani akijiambia Alhamisi ijayo atasahihisha. Alhamisi ijayo wasikilizaji walimtaka Dolorinda tena, naye akawapa. Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Hakuhitaji kamusi wala bando. Majuma matatu mfululizo alizungumza kuhusu Dolorinda, na kila alipotoka studio mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua ndoo. Moyoni alijua anachokifanya. Katika darasa lake angemwita mtoto mbele kwa uongo mdogo kuliko huo.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya Jumamosi, hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, vumbi jekundu limemjaa viatuni, mkononi bahasha nene ya kaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani, mwanangu."

Akajieleza kwamba anaitwa Stefania, anafundisha Kiswahili sekondari, ametoka Njinjo tangu alfajiri, akabadilisha gari Nangurukuru. Kule kwao redio hushika ukipanda nayo kilimani kidogo, na yeye kila Alhamisi alipanda na wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Akafungua bahasha, akatoa insha thelathini na nne.

"Zote za Dolorinda," alisema. "Hawa ni watoto wa wakulima, Mwalimu. Nikiwaambia waandike kuhusu mshairi, wananiandikia mistari mitatu. Safari hii wameandika kurasa nne, tano. Moja tuliituma kwenye shindano la insha. Ikapita. Sasa waamuzi wanataka jina la kitabu habari hizi zilikotoka. Nimetafuta kwenye mtandao wiki nzima. Nikasema, nisihangaike, niende kwa mwenyewe."

Hafsa aliichukua insha ya juu, akasoma mistari ya kwanza. Msichana mmoja alikuwa ameandika juu ya bibi yake na jinsi anavyombeba kwenda chooni. Aliirudisha mahali pake taratibu.

Kutoka chumbani mama alitoa sauti. Hafsa akasema, "Subiri nimgeuze," akaingia. Stefania akainuka bila kuombwa, akamfuata, akashika shuka upande wa pili. Walimgeuza Bi Mwanaheri pamoja, wakamwekea mto mgongoni. Hafsa akabaki amesimama, mikono imemning'inia.

"Hakuna kitabu," alisema.

"Kimeliwa na mchwa? Ulisema redioni..."

"Hakuna kitabu, na hakuna Dolorinda. Nilimtunga. Siku ile nilitoka hospitali na mama, sikuwa na kitu cha kusema. Nikasema haya." Akaonyesha kitanda kwa kidevu. "Nikayapeleka Paragwai."

 Stefania alitoka, akakaa sebuleni, akaanza kuzirudisha insha kwenye bahasha. Zilikataa kuingia, akazitoa, akazipanga upya.

"Ulishindwa nini kusema ni wewe?" aliuliza hatimaye.

"Nani angenisikiliza? Kila nyumba hapa ina mgonjwa. Mtu wa mbali wanamhurumia. Mimi wangeniambia nivumilie."

"Sasa mimi nikawaambie nini watoto? Nimewafundisha wasibuni ushahidi. Nimewakata alama kwa hilo."

"Na mimi nilikuwa nawakata wangu," Hafsa alisema.

"Mwalimu, nimechoka," Stefania alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua hasira, imebaki kama ya mtu aliyesafiri bure. "Nimechoka kweli. Lile darasa lilikuwa limeamka."

Hakunywa chai aliyotengewa. Mlangoni aligeuka. "Mimi nitawaandikia waamuzi tuiondoe insha. Lakini kwa watoto utasema wewe. Alhamisi tutakuwa tumepanda."

Siku tano zile Hafsa alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Alimwambia Batuli, na Batuli akamshauri anyamaze. Mambo ya redio yanapita, alisema, watu watasahau kabla ya Ramadhani. Hafsa alilitamani shauri hilo. Alitamani pia kupiga simu kuwa anaumwa. Alhamisi ilipofika akajitanda ushungi, akaenda.

Hakuzunguka. Alisema jina lake na umri wake. Alisema Dolorinda Veiga hakuwahi kuzaliwa. "Mimi ndiye ninayemuuguza mama. Mimi ndiye niliyekiweka kijiko kwa kishindo. Wale wengine wote niliowasimulia walikuwepo, niliwasoma kitabuni na kwenye simu, msiwatilie shaka kwa ajili yangu. Huyu mmoja ni uongo. Wanafunzi wa Njinjo, mwalimu wenu hakuwadanganya, nilimdanganya na yeye. Insha zenu nimeziona. Bibi zenu ni wa kweli. Niwieni radhi." Ilichukua dakika nne. Dakika kumi na sita zilizobaki Twalib alizijaza kwa taarabu.

Musa, msimamizi wa redio, alikuwa anamngojea kibarazani. Hakumfokea. Alisema tu kwamba redio yao inatangaza vifo na kampeni za chanjo, na mtu akishaanza kujiuliza kipi cha kweli, kazi yote inaharibika. Kipindi kisimame kwanza. Hafsa akasema anaelewa, na alikuwa anaelewa.

Kuna mtu alikuwa ameirekodi sauti ile. Kesho yake ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, wengine wameiwekea vicheko, wengine wamemwita mwalimu muongo. Sokoni muuza nyanya mmoja alimsalimu, "Habari za Paragwai?" na wenzake wakacheka. Yule mwanamke wa Kivinje alituma ujumbe kupitia kwa Twalib: hakuipenda ile habari, lakini ubeti ameshauandika ukutani jikoni, na hataufuta.

Sauti hiyo ilifika mpaka Mingoyo, kwa Salumu, mdogo wake Hafsa wa tumbo moja, mwenye duka la vifaa vya pikipiki pale njiapanda. Salumu alikuwa mtu wa simu. Alipiga kila Ijumaa, akauliza mama anaendeleaje, Hafsa akajibu hajambo, yeye akasema alhamdulillahi, basi. Miaka minne alikuwa amefika mara tatu, zote za Idi.

Jumatatu alishuka kwenye basi na mkewe Zuhura na begi kubwa. Hafsa alipomwona mlangoni alidhani kuna msiba.

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Dada, nimekusikia kwenye simu ya mteja. Mteja anacheka, ananiambia sikiliza kituko hiki. Nikasikia sauti yako." Salumu alitazama sakafu. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

 Hafsa alimwingiza chumbani, akamwonyesha jinsi ya kupitisha mkono chini ya bega la mama na mwingine chini ya nyonga, na kuvuta kwa pumzi moja. Mara ya kwanza Salumu alivuta vibaya, mama akaguna. Mara ya pili ikawa afadhali. Bi Mwanaheri alimwangalia mwanawe muda mrefu kwa jicho lake zima, kisha akamshika kidole.

"Tutakaa mwezi," Zuhura alisema. "Duka lina mtu. Baada ya mwezi tutazungumza mama aende kwetu kwa zamu. Wewe kalale."

Hafsa alikwenda chumba cha nyuma akiwa na nguo zake za asubuhi. Hata kanga hakuivua. Alilala tangu saa tano, hakusikia adhana ya adhuhuri, akazinduka alasiri jua limeshahama dirisha. Nyumba ilikuwa na sauti za watu wengine: Salumu anauliza uji uwe mzito kiasi gani, Zuhura anamjibu. Alijinyoosha, akausikia mgongo unauma vilevile, na kichwa kizito, na mwili haukuwa umepumzika hata robo. Uchovu wa miaka minne ulikuwa bado umo ndani, sasa umepata nafasi ya kukaa.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Stefania. Ulikuwa mfupi. Darasa lilisikiliza. Wengine wamekasirika, wawili wameomba kuandika upya kwa majina ya nyumbani kwao. Yeye mwenyewe bado hajui amsamehe au la, lakini anamsalimia mama.

Hafsa aliusoma mara mbili. Akaanza kuandika jibu, akafuta, akaiweka simu kifuani. Atamjibu kesho. Akageukia ukuta, akalala tena.